Nilivyomfuata Bi Somoe kwa Ajili ya Tumbo la Mume Wangu

Ninyi wa chumba cha walimu mmenichosha. Kila asubuhi nikiingia na madaftari yangu, mmoja wenu ananiuliza, "Mwalimu, hivi ni kweli?" na wenzake wanacheka kabla sijaweka mkoba chini. Ni kweli. Nimeamua kuliandika mara moja, mpokezane, mkimaliza msiniulize tena. Habari za kuomba ruhusa na vibali vya kwenda mpakani nitaziruka, maana hata nikizikumbuka kichwa kinauma. Nitaanzia pale nilipopewa kazi ambayo sikuwahi kusikia mtu akitumwa.

Wodini

Mume wangu Anselmi mnamjua. Mzigo wa bandarini ulimchana paja, kidonda kikaoza, akachomwa sindano na kumezeshwa vidonge vikali vya kuua vidudu mpaka mguu ukapona. Tulishukuru Mungu. Wiki moja baadaye tumbo likafunguka. Msidhani ni kuhara huku kwetu kwa embe bichi. Alikwenda haja hata mara ishirini kwa siku, maji matupu na utelezi wenye damu, na kila dawa aliyopewa ilizidisha. Mtu aliyekuwa akibeba gunia la korosho peke yake, sasa nilimgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Daktari wa wodi ile ni kijana mpole, anayezungumza huku akitazama viatu vyake. Jumatatu aliniita barazani.

"Mwalimu, nitakwambia jambo. Tafadhali usinikasirikie."

Akanieleza kwamba tumboni mwa mtu mzima wa afya mnaishi vidudu visivyo na idadi, na vingi ni vyema, ndivyo vinavyolilinda tumbo. Dawa iliyouponya mguu wa Anselmi ilikuwa imeviua na hivyo vyema. Wabaya wachache waliosalia wamekuta nyumba tupu, wamejitawalia.

"Sasa hao wema watapatikana wapi?" nikauliza.

"Kwa mtu mwenye tumbo zima."

"Watatokaje kwake?"

Alivitazama viatu vile kwa muda mrefu. "Wanatoka chooni, Mwalimu."

Nilimwuliza kama amelewa. Ndiyo, nilimwuliza hivyo hivyo, mbele ya wauguzi. Hakukasirika. Alisema alisoma katika jarida la madaktari kwamba ng'ambo wamewahi kufanya hivyo kwa wagonjwa wachache waliokuwa wanakufa: choo cha mtu mzima kikachanganywa na maji ya chumvi, kikachujwa kwa shashi, kikaingizwa kwa mpira kwa njia ya nyuma, na baadhi wakapona kwa siku mbili tatu.

"Kwa hiyo hakimezwi?"

"Hakimezwi."

"Afadhali."

"Mimi sijawahi kufanya," akasema, "wala sijamwona aliyefanya. Ila tukikaa hivi hivi, sidhani mumeo ataifikia Jumatatu ijayo."

Nilishika nguzo ya baraza. Hapo ndipo nilipokubali, na tangu hapo sikuwaza kingine isipokuwa kupata choo safi cha mtu.

Mtadhani ni kitu rahisi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimechomwa penisilini mwezi uleule kwa jipu, nikakataliwa. Shemeji Kosmasi alijitolea, darubini ikaonyesha minyoo. Ndugu wengine wa mjini waligoma kabisa. "Shemeji, nikishatoa choo changu kikawekwa kwenye chupa," mmoja aliniambia, "nitajuaje kitaishia mikononi mwa nani?" Waliogopa kurogwa. Nikamwuliza daktari, na yeye je? Akaona haya. Alikuwa na amiba tangu akiwa mwanafunzi.

Ni Anselmi mwenyewe aliyefungua macho akasema, "Mfuate Somoe. Anapika chumvi kule mlangoni mwa Ruvuma. Hajui kidonge wala sindano tangu azaliwe." Alitaka kuongeza neno, tumbo likamkata, nikakimbilia beseni. Neno hilo lililokatika ndilo lililonitesa baadaye.

Daktari alinipa masharti mawili. Bi Somoe aje mwenyewe, kwa sababu choo kikikaa saa nyingi vile vidudu vinakufa. Na njiani asimeze dawa yoyote, hata moja. Kosmasi akabaki kumwuguza kaka yake, mimi nikaondoka Jumanne alfajiri.

Mtwara hadi Madimba, juu ya magunia

Lori lilikuwa linapeleka unga kwa watu waliovuka mto kukimbia vita vya upande wa pili. Masika yalikuwa yanaishia, lakini barabara haikuwa na habari hiyo. Tulipita Ziwani vizuri, kisha gurudumu la nyuma likazama mpaka ekseli. Dereva alishuka, akaliangalia, akawasha sigara. Nilimwambia nina mgonjwa. Akasema hata yeye ana mgonjwa, akanionyesha lori.

Tulikaa pale tangu saa nne asubuhi mpaka kesho yake saa tatu. Wanaume walikata matawi, wakachimba, wakasukuma, likazama zaidi. Mimi nilikuwa natembea huku na huku nikifoka. Mama mmoja wa Kimakonde, aliyevuka mto mwaka ule na watoto wawili, aliniambia niketi, kwa kuwa lori halijui Kiswahili. Akanimegea muhogo wa kuchoma na pilipili. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota okota, Kimakonde changu hakipo kabisa, lakini alitaka kujua naenda wapi. Nikamdanganya kwamba namfuata shangazi.

Baada ya muhogo wa pili niliona aibu kumdanganya mtu anayenilisha. Nikamweleza ukweli, kwa maneno na kwa vidole. Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu, "Mumeo atapona?"

"Sijui."

"Basi nenda," akasema, akanipa muhogo wa tatu.

Pale juu ya magunia ndipo nilipomkumbuka baba yangu, kule Upareni. Ng'ombe akiacha kucheua, baba alikuwa anamshika ng'ombe mzima, anampokonya tonge la kucheua mdomoni likiwa bado na povu, analisukuma kooni kwa yule mgonjwa. Tukiwa watoto tuliona kinyaa, tukakimbia. Na ng'ombe alikuwa anapona! Miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ni kwa nini. Nilikaa juu ya unga wa watu, mwalimu mzima wa sayansi, nikaona kwamba baba yangu asiyejua kusoma alinipita mbali.

Madimba hadi mlangoni mwa mto, kwa miguu

Kutoka Madimba hapakuwa na gari. Nilitembea Jumatano yote iliyobaki kwenye mchanga na minazi, nikalala kwa mjumbe, na Alhamisi asubuhi nikafika mahali ambapo mkono wa bahari unaingia katikati ya mikoko. Maji yakipwa unavuka kwa miguu, yakijaa hakuna njia. Nilivua viatu, nikapandisha kanga, nikavuka tope likinifika magotini. Niliambiwa ukitoka pale ufuate moshi.

Moshi wa chumvi unauona kutoka mbali. Chini yake nilimkuta mwanamke wa miaka kama sitini, mrefu, mweusi tititi, kanga kaifunga kifuani, amepanga vyungu vya maji ya chumvi juu ya moto. Mabega yake yalikuwa ya mtu anayebeba kuni kila siku. Nilipoyaona nilifurahi sana. Nikasema moyoni, tumbo lenyewe ndilo hili.

"Shikamoo, Bibi. Nimetumwa na Anselmi wa Mtwara. Mimi ni mkewe. Yuko hospitali, hali yake ni mbaya kabisa."

Bi Somoe aliweka upawa chini. Akapiga makofi. Kisha, Mungu ni shahidi wangu, akapiga vigelegele.

"Anselmi anakufa! Hatimaye! Jirani wee, njoo usikie, lile jizi la kuku linakufa! Tutakula ubwabwa! Karibu, mjane, karibu uketi. Nitatangulia mimi kulala kaburini, hammziki mpaka mnitoe kwa kunilipa jogoo!"

Mwe! Mnanijua hasira zangu. Nilikuwa nimetembea kutwa nzima, nimelala njaa, mume wangu anakauka, na huyu anacheza ngoma. Nilimwambia ana roho ya fisi. Nikamwambia mengine pia, ya kweli kweli, yasiyo ya mzaha, ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nikageuka nikaondoka, machozi yananitoka, bila hata kumwambia nilichofuata.

Nilitembea saa nzima nikijisemea. Nilipofika kwenye mikoko, bahari ilikuwa imejaa, na mahali nilipovuka asubuhi pangenifunika kichwa. Nikakaa chini. Palikuwa na mzee mmoja wa kiume anatengeneza mtumbwi wake uliotoboka, akaniuliza ninalilia nini. Nikamweleza jinsi Bi Somoe alivyoshangilia kifo cha mume wangu.

Mzee alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa kula. "Mumeo si wa ukoo wa upande ule wa mto? Hao na kina Somoe ni watani tangu mababu zao. Ulitaka akupe pole?"

"Ndiyo, nilitaka anipe pole!"

"Mtani akikupa pole, mama, hapo ndipo uogope. Huyo amekataa kukubali kwamba mumeo anakufa. Ndiyo maana ya kelele zile."

Kwetu Upareni tuna watani, Wachaga, tunaitana wezi na wabahili, basi, tunaishia hapo. Sikujua kwamba huku mtani ndiye anayekushughulikia siku ngumu, anayekuosha, anayekuzika, na anayeruhusiwa kukucheka hata ukiwa mahututi, kwa sababu hiyo ni kazi yake. Miaka sita nimeolewa na watu hawa, na kumbe neno lililomkatikia Anselmi mdomoni lilikuwa hilo. Nikaona aibu, nikasimama, nikarudi njia ileile juani. Nusu siku nzima ilikuwa imepotea kwa hasira zangu.

Kwa Bi Somoe

Nilimkuta ameshazima moto na kufunga kifurushi chake.

"Umechelewa, mjane. Nilidhani maji yatakurudisha mapema zaidi." Akanisukumia kigoda na sahani ya ming'oko, mizizi yao ya porini, ya kuchemsha, na samaki wa kukausha. "Kula kwanza. Halafu niambie, hiyo maiti yako inataka nini kwangu?"

Sasa ndugu zangu, ninyi mngelisemaje? Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, maneno ya heshima yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Anataka choo chako, Bibi."

"Choo changu kipi? Kile cha makuti kule nyuma?"

"Hapana. Kile unachoweka ndani yake."

Nikamweleza yote, vidudu vyema, vidudu vibaya, shashi na mpira. Alisikiliza mdomo wazi. Nilipomaliza akaanza kucheka. Alicheka akaketi, akacheka akalala chali mchangani, akapiga mapaja.

"Lahaula! Tangu Anselmi ana kimo hiki namwambia ale mavi yangu! Tangu kimo hiki! Leo kayaomba mwenyewe, tena kamtuma mwalimu!"

Nami nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mzigo ule umwangukie Anselmi, nikacheka mpaka nikalia, na Bi Somoe akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake yenye chumvi.

"Huogopi?" nikamwuliza. "Ndugu zake wamekataa. Wanasema mtu anaweza kurogwa kwa choo chake."

"Ndugu waogope, ndiyo haki yao. Ndugu hurogana. Mtani akiniroga, siku yangu atanizika nani? Kesho alfajiri tunakwenda."

Jioni ile alichemsha majani fulani, akanywa bakuli zima akikunja uso. Nikadhani ni chai yao.

Kurudi, na kizuizi cha wanajeshi

Ijumaa tulivuka maji yakiwa yamepwa, kukiwa bado na ubaridi. Bi Somoe alitembea mbele na kifurushi kichwani, mimi nyuma nikihema. Jambo moja tu lilinisumbua. Kila baada ya muda alitua kifurushi, akaingia kichakani. Mara ya kwanza sikusema. Mara ya tatu moyo uliniuma, nikaona kama dawa ya mume wangu inamwagwa porini hatua kwa hatua.

"Bibi, huwezi kujizuia kidogo?"

"Tulia, mjane. Ghala halijaisha."

Kabla ya Madimba, njia yetu inakutana na ile ya kutoka mtoni, na hapo wanajeshi walikuwa wameweka gogo. Mnajua hali ilivyokuwa mwaka ule, kila anayetoka mtoni anaulizwa. Pembeni ya gogo alikaa mganga wao na chupa kubwa ya vidonge vyeupe. Watu waliovuka mto walikuwa wanaharisha, kwa hiyo amri ilikuwa kila apitaye ameze viwili hapo hapo, mbele ya macho yake.

Nilimpita Bi Somoe mbio nikasimama mbele yake. "Huyu hamezi."

"Mama, ni amri."

"Akimeza mume wangu anakufa!"

Koplo alikuja. Akaniuliza bibi huyu anakwenda wapi. Nikasema hospitali. Anaumwa? Nikasema hapana, mzima kabisa. Sasa mtu mzima anakwenda hospitali kufanya nini, na kwa nini anaogopa dawa? Kila jibu nililotoa lilitufanya tuonekane majasusi zaidi. Nilianza kueleza habari za vidudu, nikajikanyaga. Bi Somoe akanisogeza kando kwa kiwiko.

"Mwanangu," akamwambia koplo kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, "mavi yangu yanatakiwa na Serikali. Kuna daktari anayangoja Mtwara. Ukiyaharibu na vidonge vyako, utatoa ya kwako."

Wanajeshi walicheka mpaka mmoja akaiegemea bunduki yake. Koplo naye alicheka, kisha akaniangalia mimi. Sikuwa nacheka. Nilikuwa nalia tu, bila sauti, mikono imenyooka kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ni kweli, mama?"

"Ni kweli, afande."

Aliacha kucheka. Alimwambia mganga afunge chupa yake, na baada ya saa moja akatupakia kwenye Landrova yao iliyokuwa inakwenda mjini. Mpaka leo sijui jina lake, na kila nikimkumbuka namwombea.

Hospitali, na kungoja

Tulifika Ijumaa saa kumi jioni. Anselmi alikuwa hai. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka, lakini alimwona Bi Somoe na kidole chake kimoja kikainuka.

"Bado hujafa?" Bi Somoe akafoka. "Umenizimisha moto wangu bure!"

Midomo ile iliyopasuka ikatabasamu. Kosmasi alitoka nje ili asionekane akilia.

Daktari alimsalimia Bi Somoe kwa mikono miwili. Akamwuliza kwa adabu, "Bibi, umekwenda haja lini mara ya mwisho?"

Bi Somoe alijinyoosha. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Mimi si mtu wa porini. Siwezi kuja hospitali ya Serikali na tumbo chafu, nikampa mgonjwa uchafu. Jana nimekunywa dawa ya kusafisha. Tangu asubuhi natoa maji matupu, unaweza kuona sura yako humo."

Daktari alikaa kwenye ngazi, taratibu, akiwa na koti lake jeupe. Mimi niliona giza. Yale majani! Nilikaa naye jikoni, nikamtazama akiyanywa, nikanyamaza. Nilikuwa nimemweleza habari za vidonge na sindano, sikufikiri kwamba mtu mwenye heshima zake angeona haya kutoa choo kilicho choo.

Bi Somoe alipoelewa, uso wake ulibadilika.

"Tungoje," daktari akasema mwishowe. "Ale. Ale alivyozoea, tumbo lijirudie. Mgonjwa nitamwongezea maji ya mshipani, chupa ninazo mbili."

Basi ikawa kazi ya kumlisha Bi Somoe. Nilipika ugali wa muhogo, kunde, kisamvu cha nazi, samaki, matembele, kila alichotaja. Alikula kwa bidii, bila utani, kama mtu aliyepewa adhabu. Jumamosi asubuhi, hakuna. Jumamosi jioni, hakuna. Wauguzi wakibadilishana zamu, neno la kwanza halikuwa hali ya mgonjwa, lilikuwa "Bibi vipi?" Wagonjwa wa vitanda vya jirani walimtumia mapapai. Chupa ya kwanza ya maji iliisha. Anselmi hakunijibu tena nilipomwita, aliyageuza macho tu.

Jumapili, kengele za misa ya kwanza zikilia, nilimwona Bi Somoe anatoka kule nyuma akitembea wima, amebeba kopo alilopewa kwa mikono miwili, amelifunika kwa ukingo wa kanga. Mzee wa kitanda cha mlangoni alivua kofia.

Daktari alichukua kiasi kidogo, akakiweka chini ya darubini, akatazama kwa muda ulionichosha moyo. Kisha akaniita. "Njoo uone, Mwalimu."

Niliinama. Mwanzoni niliona ukungu. Alipozungusha kigurudumu nikaona. Jamani. Vilikuwa vingi mno, vidogo mno, vijiti na nukta, vinatetemeka, vinasogea, vinapishana, na katikati ya hivyo chembe za kunde nilizopika mimi. Nimechora tumbo ubaoni miaka tisa kwa chaki nyekundu, mfuko na mabomba, nikawaambia watoto hapa chakula kinasagwa, basi. Sikujua kwamba ndani ya mwanamke anayepika chumvi mna umati mkubwa hivyo, unaishi, unafanya kazi, na yeye hana habari, anacheka tu. Na sisi sote vivyo hivyo. Nilijiona kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu.

"Kibaya kipo?" nikanong'ona.

"Ninachokijua mimi, hakuna."

Hakukuwa na la zaidi. Maji ya chumvi, shashi, mpira. Kitanda kiliinuliwa miguuni kwa matofali mawili ili kitu kisitoke upesi. Harufu mnaijua, sitaieleza. Mimi nilimshika Anselmi kichwa na kumwambia asukume pumzi taratibu.

Siku ile alikwenda haja mara tisa. Kesho yake daktari alirudia, na akaenda mara tatu. Homa ikashuka. Jumanne saa sita mchana, nikiwa nimekaa na beseni mapajani kwa mazoea, nikatambua kwamba tangu kulipokucha sijalitumia. Nilimtazama. Alikuwa amelala usingizi wa kawaida, anakoroma kidogo. Alipoamka akasema, "Hapa kuna harufu ya samaki. Nani anakula samaki bila mimi?"

Muuguzi alikimbia kumwita daktari. Daktari akaja, akalibonyeza tumbo lile, likawa laini. Akatoka barazani, akasimama peke yake akitazama bahari. Nilimfuata kumshukuru, akasema, "Sijui nimefanya nini, Mwalimu. Nimefungua mlango tu." Mara ile hakuwa akitazama viatu.

Stendi ya malori

Wiki iliyofuata Bi Somoe alisema chumvi yake inamngoja. Anselmi alikuwa anatembea mpaka mlangoni kwa fimbo, wakatukanana pale mlangoni hata wauguzi wakaziba masikio. Mimi nilimsindikiza stendi. Nilimnunulia doti ya kanga na kuiweka kifurushini, na njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale niliyomwambia kwenye vyungu vyake. Nilitaka kumshukuru.

Alikuwa ameshapanda, amekaa juu ya magunia. Nikaanza, "Bibi Somoe, mimi sina cha kukulipa. Naomba unisamehe, na nakushu—"

Aliinama akaniziba mdomo kwa kiganja kizima. Hakuwa anacheka.

"Usithubutu. Watu wanaoshukuriana ni wageni. Ukinishukuru, utani umekufa, nami siwezi kuingia kwenu tena bila kubisha hodi. Unataka hivyo?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi nitukane. Ila safari hii nitukane vizuri."

Dereva akawasha moto. Nilisimama pale, mwalimu na mkoba wangu, abiria wote wananitazama. "Wewe… wewe ni mzee mbaya," nikasema.

"Hilo ni tusi au salamu?" abiria mmoja akauliza, lori zima likacheka. Likaanza kuondoka.

Hapo nikaona anakwenda kweli, yule mwanamke na mabega yake, na mume wangu yuko hai. Nikavua viatu. Nikakimbia nyuma ya lori nikipaza sauti. Nilimwita ajuza, nikamwita jizi la chumvi, nikamwambia ana tumbo la nguruwe na miguu ya korongo, nikamwambia asirudi Mtwara, akirudi nitamfungia mlango, akifa nitakula ubwabwa wake sahani tatu na kulala kaburini mwake mpaka wanitoe kwa jogoo. Wanafunzi wangu wawili walikuwa kando ya barabara. Waliniona. Sikujali.

Bi Somoe alisimama juu ya magunia, kanga inapepea, mikono juu, akipiga vigelegele. "Nimekusikia, mjane!" akaniitikia. "Nimekusikia!"

Nilikimbia mpaka pumzi zikaniishia, kisha nikasimama katikati ya barabara, nikaendelea kumtukana, nikilia, mpaka vumbi likatulia.